Gari Lililomzimikia Mwalimu

Tochi alikuwa na miaka thelathini na moja ya kufukuza nyaya ndani ya magari ya watu, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kumsikia akikiri kwamba amekosea. Gereji yake ilikuwa kibanda cha mabati kando ya barabara ya viwanda, chenye meza moja ndefu iliyojaa rilei, fyuzi na vipande vya waya wa kila rangi. Jina la Tochi alipewa na wateja kwa sababu ya taa yake ya kupimia umeme, yenye ncha kama sindano upande mmoja na kibano upande wa pili, iliyoning'inia shingoni mwake mchana kutwa kama kipimo cha daktari. Mteja akianza kueleza gari lake lilifanya nini, Tochi alinyoosha kiganja na kumwambia asijichoshe, ataona mwenyewe. Kwake yeye ugonjwa wa umeme ulikuwa jambo jepesi. Ama umeme unafika, ama haufiki, na watu hutia chumvi.

Mkewe alifundisha darasa la kwanza. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mumewe naye alimwita hivyohivyo, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa mazoea. Yeye alimwita mumewe Fundi. Ukiwaona wakitembea pamoja ungetabasamu, maana Tochi alikuwa mrefu kama ngazi na Mwalimu alimfikia kwapani. Watoto wao wawili walikuwa wameshaoa na kuhama, na nyumbani walibaki wao na gari la buluu lililopauka, lenye umri mkubwa kuliko kifungua mimba wao. Panya walipolivamia miaka saba kabla ya mambo haya, Tochi alilitolea nyaya zote zilizotafunwa na kulifunga mpya kwa mikono yake. Alijisifu kwamba hakuna gari la zamani mjini lenye umeme safi kama lile.

Aliyelitumia zaidi ni Mwalimu. Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, alipanda mtaa wa juu kumchukua dada yake mkubwa na kumpeleka kliniki ya macho. Dada huyo alikuwa mjane, mcheshi, mwenye ulimi mkali, na presha ya macho ilimtaka apimwe kila wiki na kubadilishiwa dawa ya matone. Tochi alimwita Shemeji na alimpenda, maana ndiye pekee ukweni aliyeweza kumrudishia utani bila kumkwepa.

Basi siku moja gari likamzimikia Mwalimu katikati ya kilima. Alishuka, akafungua boneti asijue anatafuta nini, akaifunga, akarudi ndani, akalipiga stata likawaka. Jioni alimweleza mumewe. Tochi akalipima, akalikuta zima kabisa. Wiki iliyofuata likazimika tena, mara mbili, na mara ya pili lori lilikuwa karibu mno nyuma yao kiasi kwamba Shemeji alifumba macho akasubiri kishindo.

Tochi hakulipuuza, hilo lazima lisemwe. Alisugua vichwa vya betri mpaka vikang'aa. Aliukamata mkungu wa nyaya nyuma ya dashibodi na kuutikisa huku injini ikinguruma. Aligongagonga rilei ya pampu ya mafuta kwa mpini wa bisibisi, kisha akaitoa na kuweka nyingine. Jumamosi akalitoa gari, akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho ili magoti yake yapate nafasi, akalizungusha mji mzima kwenye lami na kwenye mashimo. Halikupiga hata chafya.

Alipolirudisha alimwonyesha Mwalimu fyuzi ya pampu, akaishika mbele ya dirisha. "Ingekuwa waya unagusa bodi, hii ingeungua. Ona, nzima. Unaachia klachi mapema, Mwalimu. Unalizima mwenyewe."

"Fundi, nimeendesha gari miaka tisa," Mwalimu alimjibu. "Nikilizima mimi linatetemeka kwanza. Hili halitetemeki. Linakata tu, kama mtu aliyezibwa mdomo."

"Kwangu mbona halikati?"

 Likazimika tena na tena, na kila mara lilizimika kwake tu.

Jumapili moja walialikwa chakula nyumbani kwa kaka yake Mwalimu. Ukumbi ulijaa ndugu, na mmoja akauliza kama gari lile bado linasumbua. Tochi, aliyekuwa ameshiba na kuchangamka, akasema gari lile lina ugonjwa mmoja tu, nao hukaa nyuma ya usukani na kufundisha darasa la kwanza. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Akaongeza kwamba amejaribu kuutafutia spea akakosa. Wakacheka zaidi. Mwalimu naye alicheka, akainuka, akaanza kukusanya sahani za watu ambao walikuwa hawajamaliza kula.

Kesho yake asubuhi aliweka ufunguo wa gari kando ya kikombe cha chai cha mumewe. Akachukua mkoba wa madaftari, akaenda shuleni kwa miguu. Tochi aliutazama ule ufunguo, akajiambia kwamba hasira za namna hiyo hupoa zenyewe. Hii haikupoa. Mwalimu alimpikia, alimfulia, alimjibu kila alichouliza, lakini mazungumzo ya ziada yaliisha, na usukani hakuugusa tena.

Kuhusu kliniki, Tochi aliahidi kuwapeleka mwenyewe kila Alhamisi. Akawapeleka Alhamisi mbili. Ya tatu alikuwa amelala chini ya basi la watu wa harusi, ya nne alisahau, na baada ya hapo ikawa ni nakuja, nakuja, nisubirini kidogo. Dada wawili wakaanza kupanda mabasi, basi la kwanza mpaka kituo kikuu, la pili mpaka hospitali, huku mkubwa akipapasa ngazi kwa mguu. Siku nyingine walifika wakakuta dirisha la namba limefungwa. Siku nyingine Shemeji alisema amechoka, wataenda wiki ijayo. Ilipofika miezi mitano, jicho lake la kushoto likawa halioni kitu ila mwanga wa dirisha, na baadaye hata huo haukuonekana. Daktari aliulizwa kama lingeokolewa. Alisema huenda, na huenda lingepotea vilevile, ugonjwa ule ni mkaidi. Tochi alikwenda kumpa Shemeji pole, akakaa saa nzima akimpigia utani. Hakuliunganisha jicho na gari. Au tuseme alijitia hamnazo, kwa sababu kuna kona ya moyo wake ambayo tangu siku hiyo hakupenda kuichungulia.

Ulipita karibu mwaka tangu ile Jumapili ya vicheko. Tochi alinunua rafu ndefu ya chuma ya kupangia vipuri. Akalaza kiti cha nyuma, akaisukuma rafu ndani kupitia buti, lakini ilikuwa ndefu mno na ncha yake ikagota kwenye mgongo wa kiti cha dereva. Ikabidi akivute kiti mbele, hatua tatu za reli yake, mpaka magoti yakabana usukani na kidevu kikawa karibu kuugusa. Hivyohivyo akaondoka, akiendesha kama mtu aliyefungiwa ndani ya kabati.

Kwenye mzunguko mkubwa wa barabara, saa sita mchana, gari likakata.

Halikukohoa wala halikutetemeka. Lilikata kama mtu aliyezibwa mdomo. Magari yaliyo nyuma yakaanza honi. Tochi akajikunjua akatoka, akafungua boneti, akatazama injini aliyoijua kama kiganja chake, asione kitu. Aliporudi ndani likawaka mara moja. Hatua mia mbili mbele akaruka tuta, likakata tena. Hapo jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni, na halikuwa la joto.

Alipofika gereji aliitoa rafu akaitupa ukutani. Akafungua swichi bila kuwasha injini, akaenda nyuma juu ya tanki, akachoma ncha ya taa yake kwenye waya unaopeleka umeme kwa pampu. Taa ikawaka vizuri. Akaiegemeza mahali atakapoiona kwenye kioo, akaketi kiti cha dereva kikiwa nyuma kabisa, akajitikisa. Taa ikatulia. Akavuta kiti hatua moja, akajitikisa, taa ikatulia. Hatua mbili, vivyo hivyo. Hatua ya tatu, alipojitikisa, taa ikazimika. Akainua makalio, ikawaka. Akaketi na kujitikisa, ikazimika. Alirudia mara kumi na moja, mzee mzima akirukaruka kitini kama mtoto juu ya kitanda, na kila alipofanya hivyo taa ilimjibu jibu lilelile.

Akafungua kiti, akakiweka nje, akakunja kapeti. Waya wa pampu ulikuwa pale, umepita katikati ya sakafu, na juu yake palikuwa na alama ya chuma cha chini ya kiti. Mpira wa nje haukuwa umekatika, ndiyo maana fyuzi haikuungua. Umeme haukugusa bodi popote. Lakini alipoupinda waya kwa vidole alisikia ulaini mahali ambapo hapakupaswa kuwa laini. Nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika karibu zote, zimebaki tatu au nne zinazogusana zikiachwa na kuachana zikikandamizwa. Mtu mrefu akisukuma kiti nyuma, chuma hakikuufikia waya. Mtu mfupi, ili miguu yake ifike kwenye klachi, alikivuta kiti mbele na kuukalia.

Na waya ule aliupitisha nani? Aliutambua kwa namna tepu ilivyozungushwa, mizunguko miwili kushoto na mmoja kulia, kama yeye peke yake alivyofanya. Akakumbuka mpaka siku yenyewe. Njia sahihi ilikuwa pembeni, chini ya plastiki ya mlangoni, lakini skrubu mbili za ile plastiki zilikuwa na kutu na yeye alikuwa na njaa. Akaupitisha chini ya kiti, akasema ataurekebisha siku nyingine.

Tochi aliketi chini, miguu imenyooka, mgongo kwenye gurudumu. Alimwona Mwalimu akikusanya zile sahani. Akaona ufunguo kando ya kikombe. Akaona mguu wa Shemeji ukitafuta ngazi ya basi, na hapo akainuka haraka, kwa sababu hakuweza kuendelea kuona.

Sasa angalia alichofanya. Alivuta waya mpya, akang'oa zile skrubu za kutu, akaupitisha pembeni kama inavyotakiwa, akalehemu kila kiungo, akavika mpira na kupima mara ishirini. Hajawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Kisha akakitia kile kipande kibovu ndani ya kopo la nati kuukuu, akarudisha kapeti, akarudisha kiti, akaenda nyumbani, na hakumwambia mtu yeyote.

Alijipa sababu nyingi. Gari limepona, sasa kuna haja gani ya kufukua yaliyopita? Akisema, jicho litarudi? Lakini usiku hazikumlaza sababu hizo, wala mchana hazikumtuliza. Akawa mwema ghafla. Alianza kuosha vyombo. Alimbebea Mwalimu mkoba hadi getini. Akambembeleza aendeshe gari tena, akisema amelifanyia marekebisho madogomadogo na sasa litakuwa jepesi zaidi. Mwalimu alimtazama kwa jicho la kuuliza, akasema ataona. Wiki tatu zikapita. Kisha Alhamisi moja, mvua ikinyesha na dada yake akiwa amechelewa kliniki, alichukua ufunguo mwenyewe kwenye msumari.

Alikwenda akarudi salama. Alhamisi ya pili pia.

Siku mbili baadaye, Jumamosi alasiri, walikuwa wakikunja nguo sebuleni. Mwalimu alikunja shuka upande wake, akasita, akaliweka magotini.

"Fundi, nataka kukuomba radhi."

"Ya nini?"

"Ya gari. Nimekuwa mwangalifu na klachi, nimefanya vile ulivyoniambia, na halijazima hata mara moja. Kumbe kweli nilikuwa nalizima mwenyewe." Alilainisha mkunjo wa shuka kwa kiganja. "Nimekununia mwaka mzima bure. Na Dada nimempandisha mabasi kwa kiburi changu. Hilo ndilo linaniuma zaidi."

  Tochi aliweka chini shati alilokuwa akikunja, akatoka nje bila viatu, akarudi kuvaa viatu, akatoka tena. Gereji ilikuwa mwendo wa dakika ishirini na alitumia kumi. Aliporudi alikuwa na lile kopo. Alimwaga nati mezani, akachagua kile kipande cha waya, akakiweka juu ya shuka mapajani mwa mkewe.

Akamweleza yote. Alianza na kiti na chuma na nyuzi, kwa sababu hayo aliyajua kuyaeleza, kisha akafika kwenye skrubu za kutu na njaa, na hapo maneno yakawa machache. Mwalimu alikipinda kile kipande hapo palipokuwa laini, mara moja, mara mbili.

"Uliupata lini?"

"Siku niliyoleta rafu."

Mwalimu alihesabu kimoyomoyo. Alikuwa mtu wa kuhesabu, ndiyo kazi yake. "Wiki tano."

"Wiki tano."

"Waya nakusamehe," Mwalimu alisema. "Kila mtu hufanya kazi ya haraka siku moja. Hata ule mzaha naweza kukusamehe, hukujua. Lakini wiki tano ulikuwa unajua, na ukaniacha nijisahihishe. Ukanitazama naendesha kwa uangalifu, nikijifunza kosa ambalo sikulifanya. Hizo sijui nitazifanyaje."

Hakupaza sauti. Tochi angependa apaze. Mwalimu alisema tu kwamba hatambebea ujumbe, kwamba kwa Dada aende mwenyewe, na kwa kaka pia, na kwamba huko ayaseme mbele ya walewale waliocheka. Kisha akaendelea kukunja nguo, zake upande mmoja, za mumewe upande mwingine.

Kwa Shemeji alikwenda kesho yake asubuhi, na gari. Alimkuta ameketi mlangoni akichambua mchele kwa vidole. Alijikaza akasema yote bila kupiga chenga, na mwisho akalitaja jicho. Shemeji alisogeza punje za mchele. Halafu akaomba apelekwe kwenye gari. Tochi alimshika mkono, akafungua mlango, akakunja kapeti. Yule mama akapiga magoti chini, akapapasa sakafu mpaka akapata ile michirizi ya chuma ambapo waya ulikuwa umepita, akaifuata kwa kidole hadi mwisho wake.

"Kumbe hapa tu," alisema.

"Hapa tu, Shemeji."

"Siku ile kwa kaka nilicheka kuliko wote. Wewe hukuniona, ulikuwa unajisikiliza mwenyewe. Nilicheka, na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gari likizimika. Nilijua mdogo wangu hakuwa amegusa kitu, nikacheka kwa sababu wewe ni fundi." Alijiinua kwa kushika kiti. "Halafu yule akiniambia twende kliniki nilimwambia nimechoka. Wakati mwingine sikuwa nimechoka. Niliona haya kumtazama. Kwa hiyo jicho hili usijibebeshe lote, Shemeji, na mimi nina sehemu yangu. Yako ichukue, nzito inakutosha."

Tochi alikuwa amejiandaa kutukanwa. Hilo hakuwa amejiandaa nalo. Alirudi kwake akiendesha polepole, akasimama njiani mara moja kufuta macho kwa tambara la gereji, akajipaka grisi shavuni bila kujua.

Jumapili iliyofuata, nyumbani kwa shemeji yake wa kiume, mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Aliposimama na kusema ule ugonjwa wa gari ulikuwa wake yeye, watu walicheka, wakidhani ni kichekesho kipya. Ikabidi arudie. Alisema mke wake hakuwahi kulizima gari lile hata siku moja, kwamba waya aliufunga yeye vibaya, na kwamba alipoligundua kosa alilificha. Kaka mtu akakohoa na kuuliza nani anataka chai. Mwalimu alikuwa dirishani, amewapa mgongo. Hakugeuka. Lakini chai ilipokuja alimmiminia mumewe, akampelekea pale alipokuwa bado amesimama, maana alikuwa amesahau kuketi.

Haikuwa amani, ilikuwa chai. Miezi ilipita kabla Mwalimu hajaanza tena kumsimulia mambo ya darasani, na ziko siku alianza kusimulia akakatisha katikati. Shemeji aliendelea na kliniki kila Alhamisi, na jicho la kulia lilisimama palepale lilipokuwa, haliendi mbele wala nyuma. Tochi hakuacha kuhesabu sehemu yake. Kila alipomwona akigeuza kichwa chote ili kumtazama mtu aliye kushoto kwake, kitu kilimgota kifuani, na hakukitafutia dawa.

Mwaka uliofuata, mchana wa siku ya kazi, Mwalimu alifika gereji na gari, akazima injini, akabaki ndani. Alisema kuna mlio upande wa gurudumu la kulia, kama mtu anayetafuna mchanga, lakini si kila wakati. Alisema haraka, macho mbele, kama anayeogopa kukatizwa.

Tochi aliacha gari la mteja likiwa limefunguliwa boneti. Alimuuliza mlio huo huja akikata kona gani, akiwa kasi au polepole, asubuhi au gari likishapata moto, na alisubiri kila jibu limalizike. Kisha akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akaketi.

"Endesha wewe," alisema. "Endesha kama unavyoendesha siku zote."

Walizunguka mtaa wa viwanda mara nne, madirisha yakiwa wazi. Mwalimu alikata kulia, akakata kushoto, akapunguza, akaongeza. Tochi alikuwa ametoa kichwa nje kama mbuzi, akisikiliza gurudumu. Hakusikia kitu. Waliporudi mbele ya kibanda Mwalimu alisimamisha gari, mikono bado kwenye usukani, akangoja.

"Sijausikia," Tochi alisema. "Twende tena."